Supu ya Nafaka Nzima: Chungu cha Bungoma Kilivyofika Kitale

Mtu apitaye Kitale mwishoni mwa mwaka, mvua zikiisha kukatika na mahindi yakiisha kuvunwa, hawezi kukosa kuuona utajiri wa nchi ya Trans Nzoia. Malori yamepanga mstari mbele ya maghala ya nafaka, magunia yamerundikwa kandokando ya njia, na mbele ya nyumba nyingi mahindi yameanikwa juani juu ya maturubai, meupe kama meno ya mtoto. Wenyeji husema kwa fahari kwamba sehemu kubwa ya nchi hula kutoka mikononi mwao, wala si uongo. Lakini aingiaye katika maduka ya mji huo huo atamkuta mkulima yule yule aliyeuza magunia yake akinunua pakiti ya unga mweupe uliokobolewa, laini kama poda, apate kurudi nao nyumbani. Nafaka nzima imetoka. Iliyorudi ni sehemu tu. Habari hii ni ya nyumba moja iliyolitambua jambo hilo kwa kulazimishwa na maradhi.

Nyumba yenyewe iko upande wa Kiminini, katika barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Mume ni mtu aliyepita miaka sitini, mkulima wa mahindi, mwenye sauti ya kusikika hata ng'ambo ya mto. Mwaka mmoja alianza kuona kiu isiyoisha, kuamka usiku mara nne au tano, na kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kupona. Hospitalini akaambiwa kwamba ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimpa dawa, akamwonya asiziache hata siku moja, kisha akamweleza habari ya chakula: apunguze unga uliokobolewa na sukari ya chai, aongeze kunde na maharagwe, majani ya mboga, na nafaka zisizoondolewa ganda wala kiini, kwa kipimo. Mzee aliitikia kila neno. Usiku huo akataka mlima wake wa ugali kama kawaida.

Asije mtu akamcheka. Kwa Wabukusu, kama kwa Waluhya wengine wengi, mtu asiyekula ugali hakula. Aweza kuwa ameshiba ndizi, viazi vitamu na nyama, lakini akiulizwa kama amekula atajibu kwamba bado. Ugali ndio chakula, na vyote vingine ni vya kusindikiza. Kumwambia mtu wa namna hiyo apunguze ugali ni kumwambia apunguze kula, na hakuna aliyewahi kupona kwa kukaa na njaa katikati ya magunia yake mwenyewe.

Mkewe alijaribu. Alichemsha kabichi, karoti na kitunguu katika maji mengi, akatia chumvi kidogo kwa sababu ya presha, akamwandalia katika bakuli nzuri. Mzee aliitazama bakuli ile kwa muda mrefu, akauliza, "Mama watoto, mgonjwa ni nani hapa?" Watoto wakashindwa kujizuia kucheka. Maana katika nchi ile supu ya majimaji ina nyakati zake: hupewa mtu asiyeweza kutafuna, au mtu aliyeamka na kichwa kizito baada ya kunywa busaa. Akaisukuma kando, akamalizia ugali wa watoto. Mke hakukasirika, alikuwa amejifunza jambo moja la maana, kwamba mumewe hakukataa afya, alikataa maji. Kama kitu kingeweza kuchukua mahali pa ugali, lazima kiwe kizito, kitafunike, na kimfikishe mtu hadi asubuhi.

Basi akafunga safari kwenda kwa mama yake.

Mama huyo akaa karibu na Chwele, katika wilaya iliyoitwa Bungoma na ambayo tangu mwaka 2013 ni kaunti. Gari hupita Kamukuywa na Kimilili, Mlima Elgon ukionekana upande mmoja muda wote wa safari. Soko la Chwele lajulikana mbali kwa vyakula vyake: vitunguu, nyanya, ndizi, maharagwe ya kila rangi, na mboga za majani zilizofungwa vitita vitita. Bibi kizee, ambaye wajukuu humwita Kukhu, amepita miaka themanini, na meno yaliyobaki kinywani mwake ni ya kuhesabika. Alipoelezwa shida alicheka kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, hicho wanachokiita dawa siku hizi ndicho tulichokuwa tukipewa kwa sababu hapakuwa na kingine."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mahindi, ambayo leo yahesabiwa kuwa chakula cha asili, ni mgeni katika nchi hizo. Asili yake ni Marekani ya Kati. Yalifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Wareno, na huko bara magharibi yalienea kwa nguvu katika karne ya 20 tu. Kabla yake watu wa chini ya Mlima Elgon walikula wimbi, ambalo Wabukusu huliita bulo, pamoja na mtama. Wimbi ni nafaka ya nyumbani hasa, iliyolimwa kwanza katika nyanda za juu za Afrika Mashariki kisha ikavuka bahari zamani sana mpaka Bara Hindi. Punje zake ni ndogo kama mchanga, lakini katika madini ya chokaa, yale yajengayo mifupa, huyapita mahindi zaidi ya mara kumi.

Mahindi yalishinda kwa sababu zilizo wazi. Hayahitaji kulindwa sana na ndege, maana kila gunzi limevikwa nguo zake. Palizi yake ni nyepesi. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926 yalipata njia ya kwenda mbali, na vibarua wa mashamba ya Wazungu walipewa posho ya unga wa mahindi hata wakauzoea kuliko unga wa kwao. Mwaka 1956 ilianzishwa hapo hapo Kitale kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, na mwaka 1964 wakulima walipata mbegu chotara iliyoitwa H611, ambayo ilizaa kwa wingi ambao haukuwa umeonekana. Hakuna sababu ya kuyatukana mahindi. Yamesomesha watoto na kujenga nyumba za mabati kutoka Cherangani hadi Tongaren. Kosa haliko shambani. Liko kati ya ghala na sufuria.

Punje ya hindi ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo husaidia tumbo kufanya kazi yake. Ndani chini kuna kiini, kile chenye uhai wa kuota, nacho kina mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Kilichobaki ni wanga mweupe. Viwanda huondoa ganda na kiini kwa sababu mafuta ya kiini huufanya unga uchache upesi dukani, na pia kwa sababu watu wamejifunza kuupenda weupe. Vilivyoondolewa huuzwa kuwa chakula cha mifugo, kwa hiyo yaweza kutokea kwamba ng'ombe wa nyumba fulani ala sehemu iliyo bora ya hindi kuliko mwenye ng'ombe. Serikali ya Kenya iliyaona haya, na tangu mwaka 2012 sheria huwataka wasagaji wa unga wa pakiti kuurudishia vitamini na madini kadhaa, kama chuma na zinki. Hilo ni jema. Lakini ganda halirudishwi kwa sheria, na ganda ndilo limzuialo mtu kuimeza sukari yake yote kwa mkupuo mmoja, maana punje nzima huyeyuka tumboni polepole.

Jioni ile Kukhu alianza kazi kwa kuketi na ungo. Mahindi hayaendi chunguni kabla ya kuchambuliwa, alisema, na vidole vyake vilikwenda haraka kuliko macho ya bintiye. Kila punje yenye rangi ya kijani, nyeusi au ya vumbi la ukungu aliitenga, na hizo zilizotengwa hakuwatupia hata kuku, alizitia motoni. Mtu aweza kufikiri kwamba ni ubahili wa kizee uliogeuzwa kuwa uangalifu, kumbe hapo ndipo penye hatari kubwa. Ukungu ule huzaa sumu iitwayo aflatoksini, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya, hasa Ukambani, kwa kula mahindi yaliyoingia sumu hiyo. Dawa yake ni kukausha: unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuweka ghalani. Wazee hawakuwa na kipimo cha namna hiyo, ila walitia punje mezani mwa meno. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Kukhu, kwa kukosa meno, siku hizi huwapa wajukuu kazi hiyo.

Vipimo vyake, vilivyoweza kuandikwa na bintiye baada ya kubishana naye sana (kwa kuwa yeye hupima kwa kiganja), vilikuwa hivi kwa watu sita: mahindi makavu vikombe viwili, maharagwe kikombe kimoja na nusu, na mtama mwekundu kikombe kimoja. Mahindi na maharagwe yalilowekwa usiku kucha katika maji mengi, kila kitu chombo chake. Mtama aliuloweka mbali, katika maji yaliyotiwa majivu safi ya kuni kidogo, akauosha asubuhi mara tatu. Sababu ni kwamba mtama mwekundu una ukakasi katika ganda lake. Ndege huukimbia kwa ajili hiyo, lakini ukakasi huo huo huufunga mwili usipate chuma kilicho katika chakula. Watu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, hufanya vivyo hivyo na mtama wao tangu zamani: huutia majivu.

Asubuhi maji ya kuloweka yalimwagwa. Mahindi yalitangulia motoni katika maji mapya, juu ya mafiga matatu, kwa muda wa saa moja hivi. Ndipo maharagwe na mtama vikafuata. Kuna akina mama ambao kwanza hutwanga mahindi kinuni kuondoa ganda, kama Wakamba wafanyavyo muthokoi, na kwa hakika muthokoi ni chakula kitamu na hupikika upesi. Lakini atakaye faida ya ganda haifai alitoe kisha atafute namna ya kulirudisha. Chungu kilitokota kwa nguvu kwa robo saa nzima baada ya maharagwe kuingia. Hilo lisipuuzwe, maana maharagwe, hasa mekundu, yana sumu yake ndogo ambayo moto mkali huimaliza na moto dhaifu hauwezi.

Baada ya hapo, ili kuokoa kuni, bibi kizee alikiinua chungu kikiwa kinachemka, akakitia ndani ya kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, akalifunika na kwenda shambani. Kapu la namna hiyo hushika moto wa chungu kwa saa nyingi, na chakula huendelea kuiva bila hata kijiti kimoja kuungua. Kwa bei ya kuni na makaa katika mji wa Kitale, ni ajabu kwamba makapu hayo hayajajaa kila nyumba.

Saa tisa alasiri walikifunua. Punje za mahindi zilikuwa zimepasuka, maharagwe yamelainika, na mtama umevimba kama shanga. Kilichofuata ndicho kilichomfanya binti atoe kalamu yake tena.

Juu ya paa la jiko palikuwa pamening'inizwa mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia, uliotobolewa matundu chini kwa msumari. Ndani yake mlikuwa na majivu ya maganda makavu ya maharagwe. Kukhu alimimina maji juu yake, nayo yakashuka tone baada ya tone katika kibuyu, yakiwa na rangi ya chai nyepesi. Haya ndiyo maji ya chumvi ya majivu, ambayo katika nchi ile hujulikana kwa jina la munyu. Alitia vijiko viwili tu chunguni. Maganda ya mahindi yaliyokuwa bado magumu yalianza kulegea.

Jambo hilo lataka kuangaliwa kwa makini kuliko vipimo vyote. Wenyeji wa Marekani ya Kati, ambao ndio waliolima mahindi kwanza duniani, hawakuwa wakiyala hivi hivi. Waliyapika kwanza na chokaa au majivu. Katika milima ya Ecuador hata leo mahindi mazima hupikwa kwa majivu au chokaa hadi ganda likavuka. Mahindi yalipochukuliwa na Wazungu, mbegu ilisafiri lakini chungu hakikusafiri. Matokeo yake ni ugonjwa wa pelagra, wa ngozi kuchubuka, tumbo kuharibika na akili kuvurugika, uliowaua maskini wengi Italia ya kaskazini tangu karne ya 18, na kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Hawakujua kwamba vitamini moja ya mahindi, iitwayo niasini, imefungwa ndani ya punje na hufunguliwa na maji ya majivu au chokaa. Hata mwaka 1937 ndipo wataalamu walipoitambua niasini kuwa tiba ya ugonjwa ule.

Sasa tazama mzunguko wake. Ile mbegu ya H611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964 ilipatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mbegu nambari 573 iliyotoka Ecuador. Yaani mzazi mmoja wa mahindi ya Trans Nzoia alitoka katika milima ile ile ya watu wanaopika kwa majivu, na huku chini ya Mlima Elgon akakuta akina mama ambao kwa akili zao wenyewe walikuwa na mkebe wa majivu jikoni. Haifai kutia chumvi katika maneno haya. Vijiko viwili vya munyu havina nguvu ya majivu ya Ecuador, na kazi yake kubwa Bungoma ni kulainisha na kuleta ladha. Katika chungu kile niasini ilitoka zaidi katika njugu na maharagwe. Tena munyu ukizidi huharibu vitamini nyingine, na mwenye ugonjwa wa figo yafaa aulizie hospitalini kwanza kabla ya kuutumia. Lakini wakati binti wa shule anapofundishwa kuona haya juu ya mkebe ule, kama kwamba ni uchafu wa watu wasiojua, hapo kuna elimu inayotupwa.

Mboga zilikuja mwisho, kila moja kwa zamu yake. Malenge na karoti tatu, vilivyokatwa vipande, vilitangulia. Nyanya zilingoja hadi maharagwe yameiva kabisa, kwa kuwa ukali wake huyafanya yakatae kulainika. Njugu zilizokaangwa na kupondwa zikatiwa vijiko vinne, na unga wa wimbi vijiko vitatu uliokorogwa kwanza katika maji baridi, na mara mchuzi ukawa mzito wa kushika mwiko. Hata hapo majani yalikuwa bado. Kukhu aliyaingiza wakati chungu kiko karibu kuepuliwa: kunde, mnavu, na mgagani ambao huko huitwa saga, pamoja na mrenda kidogo, ambao Waluhya huuita murere, wa kuteleza. Dakika chache zilitosha. Mboga zikikaa motoni hadi ziwe nyeusi, faida yake imekwenda na mvuke.

Majani haya nayo yana kisa chake. Kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa magugu au chakula cha maskini, na mtu mwenye cheo alipenda aonekane na kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo cha mboga aliyefanya utafiti Maseno na baadaye katika chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba mboga hizo za kienyeji zina chuma, chokaa na vitamini kuishinda kabichi kwa mbali. Leo katika masoko ya Kitale na Chwele kitita cha saga hakikosi mnunuzi, na hoteli kubwa za Nairobi huviuza katika sahani kwa bei ambayo Kukhu hakubali kuiamini.

Binti alirudi Kiminini na maandishi yake, kibuyu kidogo cha munyu, na ratili chache za mtama na unga wa wimbi. Alipokuwa akiondoka mama yake alimwonya: "Usimwambie baba watoto kwamba chungu hiki ni changu." Neno hilo wasio wenyeji wasilione la ajabu. Kwa desturi ya Wabukusu mama mkwe na mkwewe huheshimiana sana. Hawashikani mikono, hawaketi kula pamoja, na mambo yao hupitishwa kwa mtu wa kati. Mwanamume aliyeambiwa ghafula kwamba ala chakula cha mama mkwe wake aweza kuweka kijiko chini, si kwa chuki bali kwa adabu. Hivyo bibi kizee alikuwa akimtibu mtu ambaye hakuweza kumwandalia hata bakuli.

Siku ya kwanza mzee alikula robo. Alitafuna polepole, akasema kwamba meno yake yamechoka. Siku ya tatu mke aliifanya nzito zaidi, akaikamulia ndimu mezani, maana ukali wa ndimu huusaidia mwili kupata chuma cha majani. Akaiondoa na chai, ambayo hufanya kinyume chake, akaiweka kuwa ya saa nyingine. Mzee alitia kijiko kinywani, akasimama kidogo. Akanusa.

"Munyu huu umetoka wapi?"

Mke alijibu kwamba umetoka kwa watu.

"Mama yangu alikuwa nao," akasema, na hakusema zaidi. Mama huyo amekufa miaka mingi, na tangu hapo hapakuwa na mkebe wa majivu katika boma lile. Alimaliza bakuli. Akaomba nyingine, akapewa nusu, kwa sababu daktari alisema kwa kipimo, na nafaka nzima bado ni nafaka, wanga wake haujakwisha kwa kupikwa vizuri. Usiku ule hakuulizia ugali. Usiku uliofuata aliuulizia, akapewa kipande kidogo cha ugali wa wimbi na mboga nyingi, na tangu hapo nyumba ikawa na siku za supu na siku za ugali, bila ugomvi. Dawa zake azimeza kama alivyoagizwa. Sukari yake, iliyokuwa ikipanda na kushuka kama ngazi, imetulia kiasi cha daktari kutikisa kichwa kwa kuridhika, na kidonda cha mguu kimefunga. Ni nini kilichofanya kazi zaidi, dawa au chungu, hapana haja ya kugombania. Vyote viwili vilikwenda pamoja.

Hakuisifu supu ile hata mara moja. Lakini mwezi wa Februari, kabla ya mvua za kupanda, mkewe alimkuta kwenye ukingo wa shamba la mahindi akipima robo ekari kwa kamba na vigingi. Jirani aliyekuwa akipita alimwuliza kama anajenga kibanda. Akajibu kwamba hapo ni pa wimbi. Jirani akacheka, kwa kuwa kila mtu ajua taabu ya wimbi: lipaliliwe kwa mkono na mgongo uinamishwe, na likiwa changa gugu lake hufanana nalo hata mtu mwenye macho mema hung'oa mmea akaacha jani. Ndege nao hungoja.

"Itabidi mtu aende kule," akamwambia mkewe, bila kutaja kule ni wapi, "aombe mbegu. Na aulize namna ya kulitambua gugu."

Alijua, basi, na pengine alijua tangu siku ya munyu.

Mke alirudi kutoka Chwele na mbegu zimefungwa katika pembe ya leso, na maneno mengi juu ya gugu, kwamba shina lake ni bapa na la wimbi ni nene, na kwamba asiyelipalilia mapema asilalamike. Alimkuta mzee amekaa nyuma ya ghala na msumari na nyundo, akitoboa matundu chini ya mkebe wa mafuta. Maganda ya maharagwe, ambayo kila mwaka aliyachoma ovyo shambani, yalikuwa yamekusanywa katika gunia moja, na gunia limefungwa lisipate mvua.